Kinyozi Aliyewabembeleza Wamarekani

Mteja kaegemea kiti, povu la sabuni limemjaa mashavuni. Nyuma yake kijana anapitisha wembe taratibu, na huku anaimba. Haimbi kwa nguvu, maana wembe uko shingoni mwa mtu. Kijana huyo ni Pierino Como, mzaliwa wa 1912 wa Canonsburg, Pennsylvania, mtoto wa wahamiaji kutoka Palena, mkoa wa Abruzzo, Italia. Baba yake alikuwa kibarua wa kiwanda cha mabati. Alipofika miaka 14, Pierino alikuwa tayari na kibanda chake mwenyewe cha kunyolea.

Dunia ilikuja kumjua kwa jina la Perry Como.

Vinyozi na waimbaji hawakuwa mbali mbali katika jamii ile ya wahamiaji wa Kiitalia. Baba yake mwimbaji Dean Martin naye alikuwa kinyozi, mjini Steubenville, Ohio, si mbali na Canonsburg, na yeye pia asili yake ni Abruzzo. Kilichowafungulia njia vijana hawa ni kipaza sauti cha umeme, kilichoenea studio kuanzia 1925. Kabla yake, mwimbaji alilazimika kupaza sauti mpaka mishipa imtoke shingoni. Sasa aliweza kuimba kana kwamba amekaa jirani na msikilizaji, kochi moja.

Lakini Como hakuanza na utulivu huo. Mwaka 1933 aliacha wembe akajiunga na bendi ya Freddy Carlone, na 1936 akahamia kwa Ted Weems. Huko alizidisha madoido, anazungusha sauti na kumeza maneno, hata kituo cha redio cha WGN cha Chicago kikatishia kuacha kurusha maonyesho ya bendi. Weems akamwekea rekodi ajisikilize. Como alishtuka: hakuna neno lililosikika sawasawa! Tangu hapo akaanza kuyapunguza yale madoido, na kwa maoni ya mwandishi huyu, hilo lilimfaa kuliko somo lolote la muziki.

Bendi ilipovunjika mwaka 1942 alirudi kwao, tayari kufungua tena kibanda. Alikuwa na mke, Roselle, na mtoto mdogo, na maisha ya kulala njiani yalikwisha kumchosha. Redio ya CBS ikamwahi na kipindi New York. Mwaka 1943 akasaini na RCA Victor, na huko akarekodi hadi 1987.

Televisheni ndiyo iliyomfaa zaidi. Kuanzia 1955, kipindi chake cha Jumamosi usiku kwenye NBC kilimzidi Jackie Gleason, bingwa wa vichekesho wa kituo shindani. Como alivaa sweta ya vifungo, akakaa kwenye kigoda, akaimba kama mtu anayezungumza na wageni wake. Mwaka 1959 kampuni ya vyakula ya Kraft ikampa mkataba wa dola milioni 25. Machi 1958, wimbo wake "Catch a Falling Star" ulikuwa wa kwanza kutunukiwa rasmi sahani ya dhahabu na chama cha kampuni za kurekodi muziki cha Marekani.

Utulivu ule uliwachekesha wengi. Kipindi cha vichekesho cha SCTV kilimwigiza akiimba huku amelala. Rock and roll ilipovuma aliitwa mzee, lakini mwaka 1970 akaibuka tena na "It's Impossible", ukaingia kumi bora.

Alifariki Mei 2001, siku sita kabla ya kutimiza miaka 89. Canonsburg ilikwisha kumsimamishia sanamu tangu 1999, tena sanamu yenye kupiga nyimbo zake. Na Desemba ikiingia, madukani na majumbani Marekani husikika "It's Beginning to Look a Lot Like Christmas", wimbo aliourekodi mwaka 1951 pamoja na kundi la Fontane Sisters. Miaka ya karibuni wimbo huo umekuwa ukirudi kwenye orodha ya Billboard, umezungukwa na waimbaji ambao wengine wao hata wazazi wao walikuwa hawajazaliwa ulipotoka.