Bujumbura hadi Dar es Salaam kwa ndege: umbali na muda wa safari

Kutoka Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Melchior Ndadaye mjini Bujumbura, uliopewa jina hilo mwaka 2019, hadi Uwanja wa Julius Nyerere jijini Dar es Salaam ni takriban kilomita 1,165 kwa mstari ulionyooka. Ndege ya jeti isiyotua njiani huumaliza mwendo huo kwa muda wa saa moja na nusu hadi saa mbili. Kwa barabara, kupitia mpaka wa Kobero, kisha Kahama, Singida na Dodoma, safari hupita kilomita 1,500 na huchukua zaidi ya siku nzima.

Si kila abiria hupata ndege ya moja kwa moja. Anayepitia Nairobi husafiri kilomita 875 kwanza, kisha 665 nyingine, jumla 1,540. Anayepitia Addis Ababa hukaribia kilomita 3,500, yaani mara tatu ya umbali wenyewe, na hapo saa za kusubiri hazijahesabiwa. Kwa mfanyabiashara huenda nauli ikafidia mzunguko huo. Kwa anayemsindikiza mgonjwa, ni vigumu kufidiwa.

Linalowachanganya wengi ni saa. Burundi iko nyuma ya Tanzania kwa saa moja, nayo tiketi huandika saa za mji husika. Ndege ikiondoka Bujumbura saa 4 asubuhi na kuwa angani kwa saa mbili, itatua Dar es Salaam saa 7 mchana. Ikirudi kwa mwendo uleule, ikaondoka huko saa 4 asubuhi, itatua Bujumbura saa 5. Asiyelijua hilo hudhani kwenda ni saa tatu na kurudi ni saa moja.

Tena tiketi hufuata hesabu ya saa 24 inayoanzia usiku wa manane: 10:00 ni saa nne asubuhi, na 16:00 ni saa kumi jioni. Hatari zaidi ni 00:30. Tiketi ya tarehe 12 yenye saa hiyo humtaka abiria awe uwanjani tarehe 11 usiku. Atakayekwenda tarehe 12 usiku atakuta ndege imeondoka tangu usiku wa kuamkia siku hiyo.

Kwa mkazi wa Mutanga Nord, uwanja hauzidi kilomita 10 kwa mstari ulionyooka, lakini ni lazima ateremke kutoka mitaa ya mwinuko hadi bonde la Rusizi, na uhaba wa mafuta umeifanya teksi kuwa jambo la kupangwa mapema. Mashirika mengi hutaka abiria wa kimataifa afike saa mbili au tatu kabla. Mwenye ndege ya saa 4 asubuhi na aondoke nyumbani saa 12 alfajiri.