Arnat wa Karak: Cheo cha Ndoa na Mkataba Uliovunjwa

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu. Wengi wetu tumesikia mimbarini habari za vita vya Hattin, Rabiul Thani 583 Hijria (Julai 1187). Hapa tunamtazama mtu aliyechochea vita hivyo, Renaud de Châtillon, ambaye wanahistoria wa Kiislamu humwita Arnat.

Kwa kanuni za Wafaranji, mwanamke aliweza kurithi nchi, na mumewe akaitawala kwa haki ya mke. Arnat alipata vyeo viwili kwa njia hiyo. Mwaka 1153 alimwoa Constance, mrithi wa Antiokia. Baadaye alitekwa na kufungwa Halab kwa takriban miaka 15. Alipoachiwa mwaka 1176, Constance alikwishafariki. Akamwoa Stephanie, mjane aliyemiliki Karak na Shaubak, ngome zilizokaa juu ya njia ya misafara ya Misri, Sham na Hijazi.

Mwaka 1181 alishambulia msafara wakati wa mkataba wa amani. Mwaka 1182 alipeleka merikebu Bahari ya Sham, zikatishia njia ya Haji hadi Husamuddin Lu'lu' alipoziangamiza. Mwaka 582 Hijria alivunja mkataba tena na kupora msafara mkubwa. Sultani Salahuddin akaapa kumuua kwa mkono wake.

Baada ya Hattin, Arnat na mfalme Guy waliletwa hemani. Salahuddin alimpa Guy maji baridi. Guy akanywa, akampa Arnat. Sultani akabainisha kwamba si yeye aliyempa Arnat, kwani kwa desturi ya Waarabu mateka aliyepewa kinywaji na aliyemteka huwa amepata amani. Ibn Shaddad anaeleza kuwa Arnat alilinganiwa Uislamu, akakataa, ndipo akauawa. Guy akatulizwa, na mwaka 1188 akaachiwa.

Tuzingatie: Guy naye alipata ufalme kwa kumwoa Sibylla. Basi kilichowatenganisha si cheo cha ndoa, wala si dini, bali ni mkataba. Suratul Maida inafungua kwa kuwaamrisha waumini kutimiza mikataba, na mafakihi wamekubaliana kuwa amani aliyopewa adui ni haramu kuivunja. Ndiyo maana Sultani, hata katika ghadhabu, alihakikisha kwanza kuwa kikombe kile hakikumfunga kwa ahadi.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa wenye kutimiza ahadi. Amin.