Vitabu vizuri vitatu hivi: safari ya nomino kwenda juu

Chukua maneno manne: hivi, vitatu, vizuri, vitabu. Ukiyapanga kwa kila namna utapata mipangilio 24. Mswahili atasema "vitabu vizuri vitatu hivi". Siku nyingine atasema "vitabu hivi vitatu vizuri", au "hivi vitabu vizuri vitatu". Lakini "vizuri hivi vitatu vitabu" hasemi mtu, hata mtoto anayejifunza kuongea hajaribu. Kwa nini? Swali hilo dogo limewashughulisha wanaisimu kwa zaidi ya miaka 60, na Kiswahili kilikuwapo tangu siku ya kwanza.

Aprili 1961, katika mkutano uliofanyika Dobbs Ferry, jimbo la New York, Joseph Greenberg alileta matokeo ya kulinganisha lugha 30. Ndiye huyu ambaye Afrika inamfahamu kwa kuziainisha lugha zake. Orodha yake ilikuwa na Kiswahili, Kimaasai, Kiyoruba, Kijapani na Kimaori. Makala yake ilichapishwa mwaka 1963 ikiwa na kanuni bia 45, na ya 20 ndiyo inayotuhusu. Kioneshi, idadi na sifa vikitangulia nomino, alisema, hufuatana hivyo hivyo siku zote: hivi, vitatu, vizuri. Vikija baada ya nomino, vitafuata mpangilio huo huo au vitaugeuza wote, wa mwisho awe wa kwanza. Mfano wake wa njia ya kwanza, iliyo adimu zaidi, aliuchukua hapa hapa kwetu, kwa Wakikuyu, wasemao mabuku maya matatũ mega: vitabu hivi vitatu vizuri.

Wengi hudhani uhuru wetu wa kupanga maneno unaletwa na upatanisho, kwa kuwa kile kiambishi vi- kinaonyesha nani ni wa nani popote neno lilipo. Sikubaliani nao. Kama vi- ingetosha kutupa uhuru, mipangilio yote 24 ingeruhusiwa.

Greenberg alihesabu, sababu akawaachia wengine. Tangu mwaka 1957 Noam Chomsky alikuwa amefungua njia ya sarufi zalishi, inayosema kwamba tunachokisikia ni matokeo ya vipashio kuhama kutoka mahali pa awali. Mwaka 1991, katika tasnifu yake juu ya Kiswahili, Vicki Carstens alieleza kwamba nomino yetu hutangulia vivumishi kwa sababu imehama kwenda juu katika muundo, yaani kushoto. Miaka mitatu baadaye Richard Kayne akatoa dai zito: lugha zote zina mpangilio mmoja wa msingi, na uhamaji huelekea kushoto tu. Kwa dai hilo hata Kijapani, ambacho kitenzi chake huja mwisho, kilianza na kitenzi kabla ya shamirisho.

Mwaka 2005 Guglielmo Cinque wa Venice akayaunganisha mawazo hayo yote. Alikuta kwamba kati ya mipangilio ile 24, lugha za dunia zinatumia 14. Zote, alisema, zinaanzia mahali pamoja: hivi vitatu vizuri vitabu. Kinachohama ni kirai cha nomino, na hakuna kinachoruhusiwa kuhama bila nomino kuwamo.

Hebu tukifuate kirai hicho kikipanda. Kikiruka wote watatu peke yake, tunapata vitabu hivi vitatu vizuri, yaani Kikuyu. Lakini kinaweza kuburuta kila neno kinaloliruka. Vitabu inairuka vizuri, tunapata "vitabu vizuri". Fungu hilo zima linairuka vitatu: "vitabu vizuri vitatu". Nalo lote linairuka hivi, na hapo tumefika kwenye kichwa cha makala hii. Mgeuzo kamili aliouona Greenberg umezaliwa kwa hatua tatu. Na "vizuri hivi vitatu vitabu" haiwezekani, maana vizuri ingelazimika kusafiri peke yake, nomino ikibaki nyuma.

Mwaka 2012 Klaus Abels na Ad Neeleman walionyesha kwamba matokeo hayo hayo yanapatikana bila dai la Kayne la mpangilio mmoja wa msingi. Inatosha kwamba uhamaji uende kushoto na kirai kinachohama kiwe na nomino ndani yake. Mimi naegemea kwao, kwa sababu sioni faida ya kukilazimisha Kijapani kuanza safari kutoka Venice.

Lakini katika njia zote mbili, "hivi vitabu vizuri vitatu" inaeleweka vizuri: kwa Cinque, kirai kimepanda hatua mbili, kikiburuta wenzake, kikasimama chini ya hivi; kwa Abels na Neeleman, mpangilio huo unaweza kuwapo tangu mwanzo bila chochote kuhama.