Habari za Shule za Watoto Walioshindikana

Katika Taarifa ya mwaka huu, baada ya hesabu za mfuko na majina ya ndugu zetu waliofariki, Halmashauri imeona yafaa kuweka kurasa chache za historia. Sababu yake waijua wote waliohudhuria mkutano wa robo ya tatu. Mwanachama mmoja alisimama akaomba chama kimlipie mtoto wa marehemu ndugu yake ada ya kujifunza useremala, naye mtoto huyo alikuwa ametoka katika shule ya kurekebisha tabia miezi michache tu iliyopita. Mzee mmoja, ambaye heshima yake katika chama hiki haina shaka, alijibu kwamba fedha za wajane na mayatima haziwezi kutiwa mkononi mwa mwizi. Maneno yakawa mengi, na mkutano ukavunjika bila ya kukata shauri. Tulipokuwa tukitoka tulitambua kwamba karibu sote tulikuwa tumebishana kwa muda wa saa nzima juu ya shule ambayo hatukujua ilianzaje, wala ni nani apelekwaye huko. Basi twaandika ili tutakapokutana tena tunene tukijua.

Asili ya shule hizi si kwetu. Katika makabila yetu mengi mtoto aliyemshinda baba yake alipelekwa kwa mjomba au kwa babu, au aliachiwa wenzake wa rika wamwonye kwa njia zao, na hapakuwa na jengo lililowekwa kwa kazi hiyo. Jengo lilitoka Uingereza, nalo lilizaliwa kwa aibu. Mwanzoni mwa karne ya 19 mtoto wa Kiingereza aliyeiba mkate alihukumiwa kama mtu mzima, akafungwa pamoja na watu wazima, na akafundishwa nao yale asiyoyajua. Mji wa Bristol ulikuwa na bibi mmoja, jina lake Mary Carpenter, aliyezaliwa mwaka 1807, binti wa kasisi. Mwaka 1846 alifungua shule ya watoto maskini waliovaa matambara, na hapo akaona kwamba wale waliokamatwa na kufungwa walirudi kwake wakiwa wabaya kuliko walivyokwenda. Mwaka 1851 aliandika kitabu juu ya jambo hilo. Mwaka 1852 akafungua shule mahali paitwapo Kingswood, katika majumba yaliyokuwa zamani ya shule ya John Wesley, na mwaka 1854 akaanzisha nyingine ya wasichana katika nyumba iitwayo Red Lodge, ambayo ilinunuliwa na mjane wa mshairi Byron.

Fikira ya Bibi Carpenter ilikuwa nyepesi kusema na nzito kutenda. Yeye aliona kwamba mtoto wa namna hii amenyimwa utoto, basi dawa yake ni kurudishiwa utoto: awe na mahali pa kulala palipo salama, na kazi ya mikono, na masomo, na juu ya yote awe na mtu mzima mmoja ampendaye na amjuaye kwa jina. Hakutaka kuta ndefu. Watoto walitoroka, naam, na wengine walivunja vitu, na majirani walilalamika; hayo hayakumfanya aache.

Bunge la Uingereza lilikubali kazi yake kwa sheria ya mwaka 1854, lakini lilitia sharti moja ambalo twaomba wazee wetu walitazame vizuri. Lilisema kwamba mtoto asipelekwe katika shule hiyo mpaka amekwisha kukaa gerezani siku 14 kwanza. Walidhani haifai mtoto atendewe wema kabla hajalipa kosa lake. Bibi Carpenter alilipinga sharti hilo, akisema kwamba siku hizo 14 zaharibu kile ambacho miaka ya shule yatafuta kujenga, kwa sababu mtoto huingia shuleni akiwa amekwisha kujiita mfungwa. Alifariki mwaka 1877 sharti likiwa bado lipo, na halikuondolewa mpaka mwaka 1899. Miaka 45! Twasema bila ya kumkosea heshima mtu yeyote kwamba sharti lile la siku 14 tulilisikia tena, kwa maneno mengine, katika ukumbi wetu mwaka huu.

Shule ya namna hiyo ilifika Kenya mapema sana, kabla ya Vita Kuu ya mwaka 1914, ikajengwa Kabete, karibu na Nairobi. Lakini mambo yavukapo bahari huacha mengine nyuma. Lililovuka ni jengo na sheria. Yule mtu mzima mmoja amjuaye mtoto kwa jina hakuvuka upesi. Wavulana waliopelekwa Kabete walitoka mbali, wakasimamiwa na watu wasioijua lugha ya nyumbani kwao, na jamaa zao aghalabu hawakuweza kuwafikia. Hata hivyo waliopelekwa walikuwa wachache kuliko waliochapwa. Mahakama za wakati wa ukoloni ziliona kwamba kiboko ni rahisi: hakihitaji chakula wala kitanda, na kesi humalizika siku ile ile. Adhabu hiyo ya viboko iliendelea katika mahakama zetu hata baada ya uhuru, ikaondolewa katika sheria mwaka 2003, na katika shule za kawaida ilipigwa marufuku mwaka 2001.

Wapo watakaosema, samaki mkunje angali mbichi. Nasi twakubali. Lakini akunjaye samaki humshika kwa mikono yake miwili, hamrushi ukutani.

Hapa tutatoka Kenya kidogo, maana yupo mtu mmoja wa Austria ambaye habari zake zafaa kusomwa na kila mzazi aliyeshindwa na mwanawe. Jina lake lilikuwa August Aichhorn, naye alikuwa mwalimu. Vita vilipokwisha mwaka 1918 nchi yake ilijaa watoto waliozurura, na yeye akapewa mabanda yaliyokuwa kambi ya wakimbizi mahali paitwapo Oberhollabrunn, ayafanye shule. Aliwagawa watoto kwa tabia zao, na mwishoni wakabaki 12 ambao hakuna kundi liliwataka, wenye kupigana hata kwa visu. Akawaweka pamoja katika banda moja, akawaagiza walezi wasiwapige wala wasiwafokee, bali wazuie tu wasiumizane. Watoto walivunja madirisha, wakavunja meza, na wakafika mahali pa kushindwa hata kula mezani. Watu waliotazama kwa nje waliona huo ni wazimu. Lakini watoto wale walikuwa wakingojea kipigo walichokizoea, nacho hakikuja. Na kadiri kilivyokawia ndivyo hasira yao ilivyozidi, mpaka ikageuka machozi. Walilia, wavulana wakubwa wale. Baada ya hapo wakaanza kutulia, wakahamishiwa banda jipya, na wakaweza kufundishwa. Aichhorn aliyaeleza hayo katika kitabu chake cha mwaka 1925, naye aliona kwamba wale 12 wote walikuwa wamelelewa bila ya mapenzi na kwa ukali wa kupita kiasi.

Hatusemi kwamba kila mzazi aache dirisha zake zivunjwe. Twasema kwamba ukaidi wa kijana mara nyingi ni jeraha lililovaa nguo ya kiburi, na mwenye kutibu hutazama chini ya nguo.

Turudi kwetu. Mwaka 1933 Waingereza walibadili jina la shule zao, wakaziita shule zilizoidhinishwa, na jina hilo likafika Kenya pia. Kabete ikaitwa hivyo, na nyingine zikafuata, kama ile ya Dagoretti. Majirani hawakujali jina. Kwao iliendelea kuwa jela ya watoto.

Kisha ikaja Hali ya Hatari, iliyotangazwa tarehe 20 Oktoba 1952. Wachache miongoni mwetu wangali wakikumbuka mwezi wa Aprili 1954, askari walipoizunguka Nairobi na kuwachukua watu kwa maelfu. Katika malori yale walikuwamo watoto. Wengi walifika Manyani, katika joto la nyika ya Tsavo, wakawekwa nyuma ya waya bila ya kufanyiwa kesi. Jambo hilo lilikuwa dhuluma, na hakuna mema yaliyofuata yawezayo kuligeuza jina. Katikati ya miaka ya 1950 wavulana zaidi ya 1,000 walitolewa huko wakahamishiwa Wamumu, katika uwanda wa Mwea, kwenye kambi ya vijana iliyofanywa kama shule. Mmoja wa waliowasimamia alikuwa Geoffrey Griffin, mzaliwa wa Eldoret wa mwaka 1933. Yaani hakuwa amewazidi sana kwa umri baadhi ya wale aliowasimamia. Wavulana walisomeshwa, wakafundishwa kazi za mikono, wakacheza mpira, wakaingizwa katika Skauti. Serikali ya kikoloni ilikuwa na shabaha yake ya siasa katika hayo, wala haikuificha: ilitaka kuwageuza vijana hao moyo. Lakini lipo jambo moja lililotendwa Wamumu ambalo Kabete haikulitenda sana, nalo ni kwamba kijana alipokaribia kutoka alitafutiwa kazi. Hakuachwa langoni na nauli tu. Kambi ilipokwisha kazi yake ya Hali ya Hatari, mahali pale paligeuzwa kuwa shule iliyoidhinishwa, na hata leo Wamumu ni shule ya kurekebisha tabia.

Bwana Griffin hakuishia hapo. Mwaka 1959, pamoja na Geoffrey Geturo na Joseph Gikubu, ambaye mwenyewe alikuwa amepita kizuizini, alianzisha kituo cha Starehe katika mji wa Nairobi kwa ajili ya wavulana waliolala barabarani. Walianza na vibanda viwili vya bati na wavulana 17. Starehe haikuwa shule ya wahalifu, nasi hatutaki kuichanganya na shule tunazozieleza. Twaitaja kwa sababu ya desturi yake moja. Huko palikuwa na baraza kila juma, ambapo mvulana yeyote aliweza kusimama mbele ya mkuu wa shule akauliza au akalalamika, naye hujibiwa. Tazama sasa: baraza ni letu. Wazee wetu walilijua kabla ya kuja meli. Na ilikuwa pale, katika vibanda vile vya bati, kwamba shule ya watoto wasiotakikana iliendeshwa kwa kitu kilichotoka katika desturi zetu wenyewe. Bwana Griffin alikaa Starehe mpaka alipofariki mwaka 2005.

Baada ya uhuru sheria ya watoto ya miaka ya 1960 ilikuwa na maneno yafuatayo kwa maana yake: kwamba mtoto aweza kupelekwa katika shule iliyoidhinishwa ikiwa ametenda kosa, au ikiwa ahitaji ulinzi au nidhamu. Wazee wetu watalitambua fumbo lililomo. Mtoto aliyevunja duka, na mtoto aliyefiwa na mama na baba akaokotwa sokoni, waliweza kulala bweni moja, wakavaa sare moja, na walipotoka wakapewa jina moja. Kwa muda wa miaka mingi wengi wa watu wetu walioona sare ile walisema "mwizi," na mara nyingi walimsema yatima. Sheria ya Watoto ya mwaka 2001 ilitenganisha njia za watoto hao mbele ya mahakama, ikabadili jina likawa shule za kurekebisha tabia. Na Sheria ya mwaka 2022 ikaongeza umri ambao mtoto aweza kushtakiwa, kutoka miaka 8 mpaka 12, na kuruhusu kesi nyingi za watoto zisuluhishwe nje ya mahakama. Wale wakubwa zaidi, waliohukumiwa kwa makosa mazito, wana taasisi zao za Borstal, kama Shikusa na Shimo la Tewa, ambazo zimo chini ya Idara ya Magereza. Jina hilo nalo ni la kijiji cha Kent, Uingereza, ambako jaribio la kwanza lilifanywa mwaka 1902.

Twaona basi kwamba katika miaka zaidi ya mia moja jina la shule limebadilika mara mbili. Kitu kilichobadilika polepole mno ni siku ya kutoka. Siku hiyo mtoto hushuka garini mahali alipokuwa akijulikana kwa ubaya wake, na kila mwenye kuku huhesabu kuku wake. Akiwa hana kazi mkononi wala mtu wa kumkaribisha, atawatafuta wale ambao hawamwogopi, nao twajua ni nani. Walimu wa shule hizo hawawezi kumfuata mpaka hapo. Mikono yao huishia langoni, na hapo langoni ndipo vyama kama chetu vilipozaliwa kufanya kazi. Baba zetu walioanzisha mfuko huu hawakuuliza, walipomzika mgeni aliyefia mjini, kwamba alikuwa mtu wa namna gani.

Kuhusu kijana aliyetajwa katika mkutano, Halmashauri ilifanya uchunguzi wake. Ilipata kwamba alipelekwa shuleni akiwa na miaka 13, mwaka mmoja baada ya kumzika baba yake, kwa kosa la kuuza baiskeli isiyokuwa yake. Na kwamba huko alijifunza kupiga randa na kuunga mbao kwa muda wa miaka miwili. Ami yake yuko tayari kumweka nyumbani. Seremala mmoja, mwanachama wetu, yuko tayari kumpokea kiwandani ikiwa ada ya vyombo italipwa, na yule mzee aliyekataa ameomba aonane naye kabla ya kura. Wameonana mara mbili. Shauri hili limewekwa la nne katika orodha ya mambo ya Mkutano Mkuu, mara baada ya kusomwa kwa hesabu, na wanachama wote waliolipa michango yao waombwa kuhudhuria.