Mimea ya mapambo katika michezo ya mikakati

Ni miti, vichaka na nyasi zinazowekwa kwenye ramani ya mchezo wa kompyuta ili kuipa ardhi sura ya mahali fulani, bila kuwa na kazi katika mapambano. Mchezaji hutazama kutoka juu, kwa hiyo msanii huanza na umbo la matawi na kivuli chake. Shina hupewa poligoni chache. Mmea mmoja hurudiwa mara nyingi, ukizungushwa na kubadilishwa ukubwa, ili kompyuta isilemewe.

Mibuyu na migunga iliingia katika mchezo wa mikakati wa Age of Empires II mwaka 2015, kupitia nyongeza ya The African Kingdoms, ingawa humo miti hukatwa kwa ajili ya mbao.

Lakini anayechora ramani ya mahali halisi, kama Machakos, nchini Kenya, asitosheke na migunga. Uso halisi wa vilima vya Wakamba, wenyeji wa huko, ni matuta ya fanya juu (udongo wa mtaro hutupwa upande wa juu), yaliyoenea tangu miaka ya 1950, yenye kingo zilizoshikwa na nyasi. Minyaa hufanya ua wa boma, mkonge huonyesha mpaka, miembe husimama mashambani na mikuyu hufuata mito ya mchanga. Bila mpangilio huo, mimea sahihi bado hutoa mahali pasipojulikana. Mvua za Machi hadi Mei na za Oktoba hadi Desemba hudai seti mbili za rangi: kijani kibichi, na hudhurungi ya kiangazi. Jakaranda za mjini huchanua zambarau karibu na mvua za vuli.