Lugha ya Insha Chini ya Milima ya Uluguru

Kiswahili kiliteuliwa kuwa lugha ya kufundishia shule za msingi mwaka 1967. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kilipoanzishwa Morogoro mwaka 1984, insha ya mwanachuo ilibaki ya Kiingereza. Athari yake haiishii kwenye msamiati. Anayeandika juu ya mmomonyoko wa udongo Uluguru hana budi kuujadili mradi wa kikoloni wa matuta ya ngazi, uliozua ghasia Matombo mwaka 1955. Insha hiyo humfikia mhadhiri. Wajukuu wa waliokataa kuchimba matuta haiwafikii. Lau swali lingedai hoja iandikwe kwa Kiswahili pia, mkulima wa Matombo angekuwa msomaji awezaye kuipinga.