Gigahezi ziliishia wapi? Historia fupi ya joto ndani ya laptopu

Leo sina msimbo wa kuwaonyesha. Nataka tuzungumze kuhusu namba moja inayobandikwa kwenye kila laptopu (au kipakatalishi, kama ulimi wako una nguvu): gigahezi. Ingia duka lolote la kompyuta, kuanzia Moi Avenue jijini Nairobi hadi vibanda vya Meru mjini, muuzaji atakutajia hiyo mapema kabisa, nawe utaitikia kwa kichwa kana kwamba umeelewa. Kuna wakati namba hiyo ilikuwa na maana kubwa. Wakati huo ulipita mnamo 2004, ila habari hazijafika madukani.

Prosesa ina saa ndani yake. Hii ni saa ya mapigo ya umeme, kama ngoma inayowapa wachezaji mdundo. Kila pigo likilia, kazi ya ndani inasogea hatua moja. Intel 4004 ya mwaka 1971 ilikuwa na transista 2,300 hivi na mapigo 740,000 kwa sekunde. Pentium 4 ilipotoka Novemba 2000, ya kasi zaidi ilipiga mara bilioni 1.5 kwa sekunde, yaani gigahezi 1.5. Hiyo ni zaidi ya mara elfu mbili katika miaka 29. Hakuna kifaa kingine ninachokijua kilichokimbia hivyo!

Siri yake iliandikwa mwaka 1974. Robert Dennard na wenzake wa IBM walionyesha kwamba ukiifanya transista iwe ndogo, na ukapunguza volti kwa kiwango kilekile, unaweza kuongeza mapigo huku joto la kila kipande cha chipu likibaki palepale. Kwa miaka thelathini hivi wahandisi walivuna kila msimu. Sisi wa upande wa programu tulizoea vibaya (nasema "sisi" ingawa wakati huo mimi nilikuwa bado navaa kaptula). Programu ikiwa nzito, unangoja tu prosesa ya mwaka ujao.

Halafu koki zikaanza kuvuja.

Watu wa Mitunguu wataelewa hili upesi kuliko watu wa mjini. Kule kwetu ndizi hunyweshwa kwa maji ya mabomba. Ukifunga koki, maji hukoma. Koki ikiwa imechakaa, maji hudondoka hata ukiifunga, na koki moja haikusumbui. Sasa fikiria shamba lenye koki milioni 125, kila moja inavuja kidogo mchana na usiku. Hizo ndizo transista zilizokuwa ndani ya Pentium 4 iliyoitwa Prescott, iliyotoka Februari 2004. Ziliundwa kwa kipimo cha nanomita 90, zikawa ndogo kiasi kwamba umeme ulipenya hata zikiwa zimezimwa. Volti haikuweza tena kushushwa kama zamani, na kanuni ya Dennard ikaishia hapo.

Prescott ilikuwa na tatizo jingine la kujitakia. Ili ipige haraka, kila kazi ilikatwakatwa vipande vidogo vidogo: hatua 31, wakati Pentium 4 za kwanza zilikuwa na 20. Hatua fupi humalizika haraka, kwa hiyo mapigo yanaweza kuongezwa. Lakini prosesa hubahatisha kazi inayofuata kabla haijaambiwa, na ikikosea, foleni nzima inamwagwa na kuanza upya. Foleni ndefu, hasara ndefu. Namba kwenye kibandiko ilipanda kuliko kazi iliyofanyika.

Mwisho wa 2004 Pentium 4 ilifika gigahezi 3.8, ikiwa imekadiriwa kutoa joto la wati 115. Washa balbu mbili za kizamani za wati 60 ndani ya kabati ndogo, kisha ujaribu kuzipoza kwa feni: ndiyo kazi waliyokuwa nayo. Intel ilikuwa imeahidi gigahezi 4. Oktoba 2004 ikafuta mpango huo, na mkuu wake Craig Barrett akapiga magoti jukwaani mbele ya wateja kwenye mkutano huko Orlando, kwa mzaha wa mtu anayejua kwamba si mzaha.

Cha kuchekesha ni kwamba jibu lilikuwa limeshapatikana ndani ya kampuni hiyo hiyo. Wahandisi wa Intel walioko Haifa, Israel, walipewa kazi ya kutengeneza prosesa ya laptopu, na laptopu haina nafasi ya kubeba feni kubwa kama la jiko la mhunzi. Machi 2003 wakatoa Pentium M. Ile ya gigahezi 1.6 ilikadiriwa wati 24.5 tu, na ilikimbizana na Pentium 4 za laptopu zenye gigahezi zaidi ya 2. Wauzaji walipata taabu: utamwambiaje mteja kwamba ndogo ni kubwa? AMD walikuwa wameshachoka na swali hilo tangu 2001, wakaacha kutaja mapigo. Athlon XP yao iliyoitwa 1800+ kwa kweli ilikuwa gigahezi 1.53. Wengine waliwaita wajanja. Mimi naona walikuwa wakweli kuliko kibandiko cha jirani.

Basi, ikiwa kiini kimoja hakiwezi kukimbia zaidi bila kuungua, ufanye nini? Weka viwili. Hesabu yake ni tamu, tuifanye pamoja. Joto la prosesa hufuata volti mara volti mara mapigo. Tuchukulie, kwa urahisi, kwamba volti na mapigo hupanda na kushuka pamoja. Ukishusha vyote kwa asilimia 20, joto linakuwa 0.8 × 0.8 × 0.8, yaani 0.512. Umepoteza sehemu moja ya tano ya kasi, lakini joto limebaki nusu! Sasa weka viini viwili vya namna hiyo: joto ni 1.02, karibu lilelile la mwanzo, na kazi inayoweza kufanyika ni 1.6. Kwenda upande wa pili ni balaa. Ongeza asilimia 20 kwenye kiini kimoja, joto linapanda kwa asilimia 73.

Kuanzia hapo mambo yalikwenda mbio. Mwaka 2005 Intel na AMD zote mbili zikauza prosesa za viini viwili kwa kompyuta za mezani. Juni mwaka huo Steve Jobs akatangaza kwamba Apple inahamia Intel, na sababu aliyoitaja ni kiasi cha kazi kwa kila wati. Januari 2006 Core Duo ikaingia kwenye laptopu, viini viwili kwa wati 31, ikiwa ni mjukuu wa kazi ya Haifa.

Huku kwetu wengi tulikuwa bado saiba, tukilipa kwa dakika mbele ya Pentium 4 zinazounguruma. Laptopu ya mwanafunzi ilikuwa kitu cha watu wachache. Mwaka 2010 Bodi ya TEHAMA ya Kenya ilileta mpango wa Wezesha, uliowapa wanafunzi wa vyuo vikuu vocha ya kupunguza bei ya laptopu. Lakini kilichojaza mikoba ya wanafunzi zaidi, kwa maoni yangu, ni mitumba ya ofisi za Ulaya, zile laptopu tunazoziita "ex-UK". Na hapo ndipo namba za kibandiko huumiza watu.

Shangazi yangu analima ndizi Mitunguu. Binti yake alipata nafasi chuo kikuu kusomea kompyuta, na shangazi akaweka akiba hadi ikafika shilingi 35,000. Pesa hizo zilitoka mkungu kwa mkungu, na hazingepatikana tena mwaka huo. Muuzaji mmoja akamtumia picha mbili kwa simu, bei karibu sawa. Ya kwanza ilikuwa na Core i7-7500U, gigahezi 2.7. Ya pili Core i5-8250U, gigahezi 1.6. Akanipigia.

"Mwanangu, 2.7 si kubwa kuliko 1.6?"

"Ni kubwa, Shangazi."

"Na i7 si kubwa kuliko i5? Mbona unaniambia nichukue ndogo mara mbili?"

Swali zuri, na jibu lake ni historia yote niliyowasimulia. Ile i7 ni ya 2016 na ina viini viwili. Ile i5 ni ya 2017, mwaka ambao Intel iliweka viini vinne ndani ya makadirio yaleyale ya wati 15. Viini vinne vikigawana wati zilezile lazima kila kimoja kipige polepole, kwa hiyo 1.6 inayoandikwa ni kasi ambayo vyote vinne vimehakikishiwa kazi ikiwa ndefu. Kikifanya kazi kiini kimoja tu, hupanda hadi 3.4, na cha ile i7 hupanda hadi 3.5. Tofauti hiyo hutaiona kwa macho.

Nikamuuliza, "Lori la ndizi likija, unataka wapakiaji wawili au wanne?"

"Wanne. Lakini mizani ni moja, mwanangu. Wakiwa kumi watasimama tu kwenye foleni."

Nilicheka peke yangu! Gene Amdahl alilisema jambo hilo mwaka 1967 kwa hesabu: sehemu ya kazi isiyogawanyika ndiyo inayoweka kikomo, hata uongeze viini vingapi. Kwa anayeandika barua na kutazama video, viini vinne haviongezi mengi. Kwa mwanafunzi atakayekompaili programu huku kivinjari kina kurasa ishirini na hifadhidata inazunguka nyuma, mizani ni nyingi na wapakiaji wanahitajika. Kulikuwa na sababu nyingine pia. Windows 11 haiikubali rasmi ile i7, na usaidizi wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Linux ingemwokoa, lakini vyuo vingine hudai programu za Windows. Alinunua ile i5.

Sasa joto la nje, ambalo waandishi wa Ulaya hulisahau. Prosesa hizi hujipunguza zenyewe zikifika nyuzi 100 hivi za selsiasi. Uwezo wa feni kuondoa joto hutegemea tofauti kati ya chipu na hewa ya chumbani. Ofisi yenye nyuzi 20 inakupa tofauti ya 80. Chumba chenye paa la bati Mitunguu, saa nane mchana wakati wa kiangazi, tuseme nyuzi 35, kinakupa 65. Umepoteza karibu sehemu moja ya tano ya upoaji kabla hujafungua faili hata moja, na vumbi bado halijaingia kwenye feni. Laptopu ileile ukiipeleka Nkubu, kule juu kwenye chai na baridi, inakimbia vizuri zaidi. Ndiyo maana mtumba wowote kwanza nausafisha feni na kubadilisha pesti ya joto. Kisha naupa kazi nzito kwa dakika kumi nikitazama mapigo, kwa sababu nusu dakika ya kwanza hudanganya: chipu huruka juu kabla joto halijaifikia.

Tangu hapo namba zimevurugika zaidi. Novemba 2020 Apple ilitoa MacBook Air yenye M1, viini vinne vikubwa na vinne vidogo, bila feni kabisa. Mapema 2022 Intel ikaleta mchanganyiko wa namna hiyo kwenye laptopu zake. Core i5-1235U, kwa mfano, hutangazwa kuwa na viini 10. Ni kweli vipo kumi, lakini vikubwa ni viwili tu, na vinane vilivyobaki ni vidogo vya kazi nyepesi na za nyuma. Muuzaji aliyekuwa akikutajia gigahezi sasa atakutajia viini. Mwulize vikubwa ni vingapi, halafu mwambie aiwashe na kuiacha ifanye kazi nzito mezani mnapoendelea kubishana bei.